Kengele Zilipolia: Hasira za Mashabiki wa Game of Thrones

Ndugu mwenyekiti, wasomaji wenzangu, pamoja na ninyi mlioburutwa na marafiki bila kuambiwa mada ya leo, habari za jioni. Kwanza tahadhari: leo namwaga mchele wote, mbele ya kuku wote. Tamthilia ninayoizungumzia ilikwisha mwaka 2019. Kama hujaimaliza na bado una mpango nayo, mlango uko nyuma yako na hatutakuchukia.

Mei 2019, msimu wa nane na wa mwisho wa Game of Thrones, tamthilia ya kituo cha televisheni cha HBO iliyotokana na vitabu vya George R. R. Martin, ukiwa haujamaliza hata kurushwa, watu walianza kukusanya saini mtandaoni. Waliitaka HBO iurudie msimu mzima, safari hii kwa waandishi wanaoijua kazi. Saini zikapita milioni moja. Sehemu ya mwisho ikarushwa Mei 19, na kwa Marekani peke yake ikatazamwa usiku ule na watu milioni 19.3, rekodi ambayo HBO haikuwahi kuifikia kabla ya hapo. Septemba, msimu uleule uliotukanwa ukachukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora.

Kwa hiyo hatuzungumzii tamthilia iliyokimbiwa na watu. Watu walikuwa wamekaa palepale, macho kwenye kioo, wanaangalia huku wanalaani. Na kwa kuwa Jumapili saa tatu usiku ya New York ni Jumatatu saa kumi alfajiri ya Dar es Salaam, hata huku kwetu wapo walioamka kabla ya adhana ili wakasirike sambamba na wenzao. Wengine wetu tulisubiri kuwekewa kwenye flashi, tukashinda siku nzima tunakimbia makundi ya WhatsApp.

Maelezo mepesi ya hasira ile mnayajua: wasomaji wa vitabu ni watu wagumu, hawataki hata herufi ibadilishwe. Mimi siyakubali, na ushahidi wangu unatoka ndani ya tamthilia yenyewe.

Rudini msimu wa kwanza, 2011, sehemu ya tano. Mfalme Robert na mkewe Cersei wako chumbani, divai ipo, wanazungumzia vita inayonyemelea. Ndoa yao ina miaka 17 na haina upendo hata wa kuazima. Mfalme anauliza ni kitu gani kinaishikilia nchi isisambaratike. Mkewe anamjibu: ndoa yetu. Wanatazamana, halafu wanacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoshana. Kisha Cersei anauliza kama kuliwahi kuwa na wakati ambao wao wawili wangeweza kupendana. Robert anamwambia hapana. Anamuuliza jibu hilo linampa nafuu au linamuumiza, na Cersei anasema halimfanyi chochote.

Mazungumzo hayo hayamo kitabuni. Wala yasingeweza kuwamo, maana George R. R. Martin husimulia kila sura kwa macho ya mhusika mmoja, na katika kitabu cha kwanza, kile cha 1996, si Robert wala Cersei aliyepewa sura. Cersei alisubiri mpaka kitabu cha nne. Robert hakupata kabisa, akafa bila kuturuhusu kuingia kichwani mwake. Kwa onyesho lile moja, Mark Addy na Lena Headey waliwapa wasomaji kitu ambacho kitabu kilishindwa kuwapa, na sijawahi kukutana na shabiki anayedai lifutwe.

Msimu wa pili wakabadilisha zaidi. Kitabuni, Arya Stark akiwa amejificha katika ngome ya Harrenhal anakuwa mtumishi wa Roose Bolton. Televisheni ikamhamishia kwa Tywin Lannister, adui nambari moja wa familia yake. Sasa una mtoto anayemmiminia divai mtu anayepanga kumuua kaka yake, na mzee yule, bila kujua ni binti wa nani, anaanza kuvutiwa na akili yake. Wasomaji walishangilia. Hapo hapakubadilishwa herufi, palibadilishwa kipande kizima cha hadithi.

Na sisi wa huku tusijifanye walinzi wa maandishi asilia. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu akitafsiri muvi. Wakenya wana DJ Afro wao. Mhusika akinyamaza kwenye filamu, mtafsiri anampa maneno. Jambazi wa Hong Kong anaongea kama konda wa Mbagala. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya ile nyongeza, na asiyeipenda alikaa nyumbani.

Basi kama si maneno ya kitabu, mashabiki walikuwa wakilinda nini? Nasema walikuwa wakilinda sababu. Martin aliwazoesha kwamba katika ulimwengu wake kila tendo lina gharama, na gharama hiyo italipwa hata na mtu unayempenda. Ned Stark, bwana wa Winterfell na baba yake Arya, anagundua siri ya Cersei kwamba watoto wake si wa mfalme, anamwonea huruma, anamwonya mapema akimbie na wanawe. Huruma ile inamgharimu kichwa. Mwanawe Robb anaahidi kuoa binti wa Walder Frey ili apewe njia ya kuvuka daraja, halafu anaoa mwingine kwa mapenzi. Mnajua yaliyomkuta: anachinjwa pamoja na mama yake Catelyn kwenye harusi nyumbani kwa Frey.

Hapo kwenye Harusi Nyekundu naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo uhusiano wa mashabiki na tamthilia hii ulipokuwa mtamu kuliko wakati mwingine wowote. Kitabu kilitoka mwaka 2000. Sehemu ya televisheni ilirushwa Juni 2, 2013. Kwa miaka 13 wasomaji waliitunza siri ile. Usiku ulipofika wakatega simu zao kwenye makabati na juu ya meza, wakawarekodi wake zao, dada zao, marafiki zao waliokuwa hawajui lolote. Video zile bado zipo: mtu anaona milango ya ukumbi inafungwa, muziki unabadilika, Catelyn anapandisha mkono wa nguo ya Bolton na kukuta vazi la chuma chini yake, na yule mtazamaji kwenye kochi anaanza kusema hapana, hapana, hapana.

Ni uchinjaji wa wageni waliokwisha kula mkate na chumvi ya mwenyeji. Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Martin alilichota kwenye historia ya Uskoti, kwenye karamu ya mwaka 1440 katika ngome ya Edinburgh na mauaji ya Glencoe ya 1692, na amesema mwenyewe kwamba sura hiyo ilimshinda, akaandika kitabu kizima kwanza ndipo akairudia. Televisheni nayo ikaongeza ukatili wake. Kitabuni mke wa Robb anaitwa Jeyne na harusini hayupo. Kwenye tamthilia anaitwa Talisa, yupo, ni mjamzito, na anachomwa kisu tumboni wa kwanza. Kwa hiyo hata msomaji aliyekaa na simu yake akisubiri kumcheka mwenzake, naye alishtuka. Wapo walioapa kutoitazama tena. Sikusikia aliyekusanya saini milioni moja. Ahadi ilikuwa imevunjwa, na malipo yakaja kwa anayestahili kuyaogopa.

Watazamaji wa namna hiyo huweka hesabu. Mwaka 2006, David Benioff na D. B. Weiss, waliokuja kuwa watengenezaji wa tamthilia, walipokutana na Martin kwa chakula cha mchana Los Angeles ili wapewe hadithi, aliwauliza swali moja kuhusu Jon Snow, kijana aliyelelewa kama mtoto wa nje wa Ned: mama yake ni nani? Walikisia, wakapatia, wakapewa. Lakini mashabiki walikuwa wameshakisia tangu miaka ya 1990, baada ya kitabu kimoja tu, kwa kuunganisha ndoto ya Ned, maua ya waridi ya buluu na ahadi aliyoitoa kwa dada yake anayekufa. Yupo aliyelikisia jambo hilo akiwa kidato cha nne na kuthibitishiwa akiwa na mtoto anayevaa sare. Uthibitisho ulikuja Juni 2016, mwishoni mwa msimu wa sita. Jon ni mtoto wa Lyanna Stark, yule dada yake Ned, na mwana wa mfalme Rhaegar Targaryen. Kiti cha enzi ni haki yake.

Halafu? Msimu wa nane siri ile ikatumika kumtia hofu Daenerys, malkia mwenye majoka anayekitaka kiti hicho, na kumponza mshauri wake Varys. Jon mwenyewe akarudishwa kwenye Ukuta wa kaskazini, alikokuwa mlinzi. Miaka 20 ya kuhesabu, na jibu halikumfikisha popote.

Tuwe wa haki. Kitabu cha tano kilitoka Julai 2011, miezi mitatu tu baada ya tamthilia kuanza, na cha sita hakijatoka hadi jioni hii ninapozungumza nanyi. Martin aliwaeleza wale mabwana wawili, kwa ufupi, nani angeishia wapi. Namna ya kufika huko ilibidi waitunge wao, na kazi waliyoajiriwa kuifanya ilikuwa ya kurekebisha vitabu vilivyopo. Wapo waliowatukana kana kwamba walikuwa na maandishi kabatini wakakataa kuyafungua.

Lakini nyufa zilionekana. Msimu wa kwanza, msafara wa mfalme unatumia mwezi mzima kutoka mji mkuu hadi Winterfell, na Cersei analalamika kwa kila siku yake. Msimu wa saba, Jon na wenzake wamezingirwa na jeshi la wafu wanaotembea juu ya mwamba katikati ya ziwa la barafu. Gendry anakimbia kwa miguu hadi ngome ya Eastwatch, kunguru anarushwa na barua hadi Dragonstone, kisiwa cha Daenerys, Daenerys anapokea barua, anapanda joka, anafika, na wale wako bado palepale wanatetemeka. Watu walichora ramani, wakapiga hesabu ya kasi ya kunguru. Waliwacheka sana watu hao. Mimi nawatetea: umbali ulikuwa sehemu ya gharama, na gharama ilipofutwa, hatari nayo ikafutika.

Msimu wa nane wenyewe naupita haraka, maana mengine yalikuwa vichekesho tu. Vita vya usiku dhidi ya wafu vilikuwa na giza hata watu wakadhani televisheni zao zimekufa. Mpiga picha Fabian Wagner akajitetea kwamba picha iko sawa, tatizo ni namna watu wanavyozipanga televisheni zao. Mwambie hivyo mtu aliyetazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, bando likimwishia. Wiki iliyofuata kikombe cha kahawa cha kisasa kikasahauliwa mezani mbele ya Daenerys, na HBO wakatania kwamba yeye aliagiza chai ya majani. Kikombe kilifutwa kwa kompyuta, na hakuna aliyeumia.

Kilichouma ni kauli ya Benioff alipoeleza jinsi joka la pili lilivyotunguliwa na meli za Euron, adui wa Daenerys. Alisema Daenerys alikuwa kama amezisahau zile meli. Amezisahau! Malkia mwenye washauri, vitani, anasahau jeshi la majini la adui yake. Mashabiki waliishika sentensi hiyo wakaigeuza wimbo, na nadhani walikuwa na haki, kwa sababu ilionyesha sababu sasa inatafutwa baada ya tukio kuamuliwa.

Tufike kwenye kengele. Mei 12, 2019. Mji mkuu, King's Landing, umeshindwa, askari wanadondosha panga barabarani, wananchi wanapiga mayowe wakiomba kengele zilie, ishara ya kujisalimisha. Zinalia. Kamera inabaki kwenye uso wa Emilia Clarke, juu ya joka, anaitazama ngome waliyoijenga babu zake. Anahema, uso unakunjamana, machozi yanakaribia. Hakuna maneno. Kisha joka linainuka, na anayeteketezwa kwanza si adui aliyeko ngomeni bali ni watu walioko mitaani.

Kumbukeni huyu ni mhusika ambaye Wamarekani walikuwa wamewapa watoto wao jina lake la heshima. Mwaka 2018 peke yake zaidi ya wasichana 500 walisajiliwa Marekani kwa jina la Khaleesi. Jumatatu ile wazazi wao waliamka na watoto walioitwa kwa jina la mchomaji wa mji.

Waliosema jambo lile lilitoka hewani hawakuwa makini. Daenerys aliwasulubisha mabwana 163 wa mji wa Meereen bila kuuliza nani ana hatia. Aliwachoma baba na mwana wa ukoo wa Tarly kwa kukataa kupiga magoti. Mbegu zilikuwepo, na wasomaji wengi waliamini tangu zamani kwamba hata Martin anamwelekeza huko. Lawama ya wazito haikuwa hiyo. Walilalamika kwamba misimu mingi ya kumjenga ilifuatwa na sehemu mbili tatu za kumbomoa: rafiki kauawa, joka kauawa, mpenzi kajitenga, kengele, moto. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ukapewa 7, wa nane 6. HBO ilikuwa tayari kuendelea. Walioamua kufupisha ni Benioff na Weiss, ambao kabla msimu wa nane haujarushwa walitangazwa kwenda kutengeneza filamu za Star Wars. Filamu hizo nazo wakaziacha Oktoba 2019. Mimi najiunga na wanaosema: mwisho ulikuwa sahihi, hatua za kuufikia ndizo zilizoibwa.

Ila hasira yangu binafsi ilianza mapema kuliko ya wenye saini, na haihusu kasi. Ilianza Juni 2013, kwenye onyesho la kufunga msimu wa tatu. Watumwa wa mji wa Yunkai wameachiwa huru, wanatoka kwenye lango kwa maelfu, weusi weusi wote, wanamnyanyua Daenerys, binti mweupe mwenye nywele nyeupe na kumwita mama. Kamera inapanda juu kabisa tuone vizuri jinsi alivyo peke yake katikati yao. Vitabuni watumwa wa ghuba ile ni wa kila rangi. Martin alipoulizwa alieleza kwamba walipigia picha Moroko, kwa hiyo waigizaji wa ziada walikuwa Wamoroko. Jibu la kweli kabisa, na halijibu chochote: aliyechagua kupiga picha Moroko alijua nani watajitokeza. Ukilitazama onyesho lile ukiwa Zanzibar, ambako kanisa la Mkunazini limesimama palipokuwa na soko la watumwa, huwezi kulipokea kama anavyolipokea mtu wa Los Angeles.

Na Missandei, mkalimani na rafiki wa Daenerys, aliyeigizwa na Nathalie Emmanuel, mwanamke mweusi pekee aliyedumu kwenye hadithi ile misimu mingi? Aliyezaliwa huru, akatekwa, akauzwa, akakombolewa? Aliuawa msimu wa nane akiwa amefungwa minyororo mikononi, ili Daenerys apate hasira. Watazamaji weusi waliliona usiku uleule na wakalisema kwa sauti. Lalamiko hilo halikupata saini milioni moja.

Nalitaja kwa sababu neno "mashabiki" linafunika watu wasiofanana. Mwaka 2022 House of the Dragon, tamthilia ya HBO kuhusu mababu wa Daenerys, ilipoanza, Steve Toussaint, mwigizaji mweusi, alimwigiza Corlys Velaryon, bwana wa bahari mwenye utajiri kuliko wafalme. Akatukanwa matusi ya ubaguzi wa rangi kwa kisingizio cha uaminifu kwa kitabu. Watu waliokubali majoka, wafu wanaotembea na mwanamke asiyeungua, walishindwa kumkubali tajiri mweusi. Hao si wale wanaohesabu mwendo wa kunguru. Hao hawakuwa na hoja yoyote kuhusu hadithi.

Sasa niwape kisa kilichonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu safari hii shabiki mwenye hasira ni mwandishi mwenyewe. Katika kitabu cha Martin kilichozaa House of the Dragon, Fire & Blood, wauaji wanaingia ikulu usiku na kumlazimisha Malkia Helaena achague: ana wavulana wawili, mmoja lazima afe. Kwa machozi anamtaja mdogo, Maelor, akidhani ni mchanga mno kuelewa. Wauaji wanamkata kichwa yule mkubwa, na kumwacha Maelor aishi akijua mama yake alimtoa yeye. Televisheni ilipofika hapo, Juni 2024, Maelor hayupo. Helaena ana pacha wawili, wa kike na wa kiume, na wauaji wanataka tu kuambiwa yupi ni wa kiume.

Septemba 4, 2024, Martin aliandika hadharani kulalamikia jambo hilo, kisha maandishi yakaondolewa haraka. Ukiyasoma utakuta hasemi "mmegusa kitabu changu." Anafuata mnyororo: Maelor akiondolewa, uchaguzi wa mama unaondoka, baadaye kifo cha Maelor kinaondoka, na kifo cha Maelor ndicho kinachomsukuma Helaena kwenye kifo chake mwenyewe, na kifo chake ndicho kinachowasha ghasia mjini. Toa kiungo kimoja, utalazimika kubuni sababu nyingine tatu. Ni hoja ileile ya wale vijana wa ramani na kunguru, safari hii kutoka kwa mzee mwenye kofia aliyeianzisha dunia yenyewe.

Na huyo mzee naye anadaiwa. Tangu 2011 watu wanasubiri kitabu cha sita, The Winds of Winter. Wapo wanaomtukana kila anapoonekana kwenye mechi au anapohariri kazi nyingine, jambo ambalo naliona ni utovu wa adabu, maana mwandishi si mfanyakazi wa msomaji. Wakati huohuo sioni jibu lingine litakalowanyamazisha. Dawa ya deni ni kulipa, na mwisho wake wa hadithi ndiyo noti pekee itakayopokelewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maikrofoni iko kwa dada pale kushoto. Anayeutetea msimu wa nane apewe nafasi ya kwanza; nimemwona mmoja mstari wa nyuma anatikisa kichwa tangu nilipotaja kengele. Karibu, kaka, simama tukusikie.